Gundi imeachia tena: kutafuta kosa unapotengeneza vichezeo na modeli za plastiki

Malalamiko kuhusu vichezeo vilivyogundishwa yanafanana mno. Gurudumu la gari limegundishwa jioni, asubuhi limeachia. Bawa la ndege ya modeli limeshika, lakini pembeni pameota ukungu mweupe. Gundi ya tyubu mbili ina siku tatu na bado inanata kidoleni. Mara nyingi mwenye shida hurudi dukani kutafuta gundi kali zaidi, na hiyo nayo huachia vilevile.

Shida mara chache huwa ni ukali. Gundi huchaguliwa kwa kuangalia plastiki yenyewe, na plastiki isiyokubali gundi haitaikubali hata ukimwaga tyubu nzima. Anza na dalili unayoiona hapa chini. Sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi, kwa hiyo usiruke ya kwanza kwa kuwa inaonekana nyepesi.

Kabla ya dalili yoyote: hiyo ni plastiki gani?

Geuza kichezeo, tafuta maandishi madogo chini yake au ndani ya kifuniko cha betri. Pembetatu ya mishale huwa na namba: 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC, 6 ni polistirini, na 7 ni aina nyinginezo zote. Wakati mwingine utakuta herufi tu: PS (polistirini), PP (polipropilini), PE (polithini), PA (nailoni), au ABS na POM, ambazo ni majina ya plastiki nyingine.

Kama hakuna alama, tumia bakuli la maji. Chukua kipande kitupu cha plastiki, kisicho na skrubu wala uwazi wa hewa ndani, kipake sabuni kidogo na ukizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke. Kikipanda juu na kuelea, ni polithini au polipropilini. Kikibaki chini, ni ABS, polistirini, PVC, nailoni au jamaa zao. Polipropilini ina uzito wa karibu gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, ABS karibu 1.05, maji 1. Ndiyo maana bakuli la jikoni linatosha kuzitenganisha.

Kwa kilichozama, weka tone la asetoni mahali pasipoonekana. Ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha inafaa, ila soma chupa kwanza kwa sababu nyingine hazina asetoni. Subiri sekunde chache, gusa kwa kijiti cha meno. Pakinata, yaelekea ni ABS au polistirini, na hizo ndizo rahisi kuliko zote kuunganisha. Pasipobadilika kabisa, shuku nailoni au POM, ile plastiki nyeupe inayoteleza ambayo hutengenezewa giya ndogo.

Wapo wanaopima kwa kuchoma na kunusa moshi. Usifanye hivyo. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayounguza koo na mapafu.

Vichezeo vingi vinajulikana hata bila kupima. Matofali ya LEGO ni ABS. Modeli za kuunganisha za Airfix, Revell na Tamiya ni polistirini. Kichwa cha mdoli wa aina ya Barbie ni PVC laini. Malori makubwa mepesi ya rangi kali yanayoning'inizwa sokoni, pamoja na vindoo na sepetu za kuchezea mchanga, kwa kawaida ni polithini au polipropilini, na hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Dalili ya 1: gundi imekauka vizuri, lakini kipande kimebanduka

Kwangua gundi iliyobaki kwa ukucha. Ikitoka zima kama ganda, safi, bila kung'oa chochote, gundi yako ilikuwa nzima. Haikupata pa kushika.

*Sababu ya kwanza: polithini au polipropilini.* Dondoshea maji juu yake uone yanavyojikusanya matonematone badala ya kutandaa. Gundi nayo hufanya hivyohivyo. Supaglu ya kawaida, Araldite, gundi ya viatu na gundi ya moto zote zitakaa kwa muda kisha zitaachia mtoto akivuta kidogo. Njia zinazofaa ni hizi, kuanzia nyepesi.

Funga badala ya kugundisha. Toboa matundu madogo pande mbili za ufa, kila tundu likiwa mbali na ufa kiasi cha nusu sentimita ili lisipasue, kisha shona kwa waya mwembamba au kaza kwa tai za plastiki za kufungia nyaya. Ncha za waya zikunjwe na kulazwa ndani ambako kidole cha mtoto hakifiki. Mafundi wa mitaani wanaoshona ndoo, mabeseni na viti vya plastiki hufanya kazi hii kila siku, na lori la mtoto kwao ni kazi ya dakika chache. Kwa plastiki ya aina hii ningewapelekea wao kabla ya kununua gundi yoyote.

Njia ya pili ni kuunga kwa moto. Chonga mfereji mdogo juu ya ufa, kata ukanda mwembamba wa plastiki ya aina ileile, kisha yeyusha vyote pamoja kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Neno "ileile" ndilo la kuzingatia: kipande cha dumu lenye namba 2 hakitaungana sawasawa na lori lenye namba 5. Kama mahali penyewe hupokea nguvu, pasha pini za stepla na uzizamishe kukatiza ufa kabla ya kufunika. Fanya hivyo nje au dirishani, watoto wakiwa mbali. Plastiki iliyoyeyuka huganda juu ya ngozi ikiendelea kuunguza.

Ya tatu ni kwa anayetaka kiungo kisichoonekana. Pitisha mwali wa buluu wa kiberiti cha gesi juu ya uso kwa haraka, bila kusimama, kiasi ambacho plastiki haianzi kung'aa wala kulainika. Pima kwa tone la maji: likitandaa badala ya kujikusanya, uso umebadilika. Paka epoksi, ile gundi ya tyubu mbili kama Araldite, ndani ya dakika chache. Usijaribu hili mahali palipofutwa kwa spiriti au asetoni ambayo haijakauka kabisa. Pia huuzwa pakiti za supaglu zenye kalamu ya dawa inayotangulia kupakwa, maalumu kwa plastiki hizi. Zinafanya kazi, mradi kiungo kisiwe kinachopindwapindwa.

*Sababu ya pili: mafuta na gundi ya zamani.* Kichezeo kina jasho, mate, na mafuta ya kujipaka ya mtoto. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha kabisa, malizia kwa kitambaa chenye spiriti. Usisafishe kwa mafuta ya taa, huacha utando. Gundi ya zamani iondolewe yote, kwa sababu gundi mpya itaishika ile ya zamani nayo itaondoka nayo.

*Sababu ya tatu: uso unaoteleza.* Hii huhusu mahali ambapo kiraka kinalala juu ya uso bapa. Piga msasa mpaka mng'ao upotee. Ila kingo zilizovunjika usizisugue hata kidogo: zile mikwaruzo na meno madogo ndiyo yanayofanya vipande vikutane vizuri, na ukiyalainisha umejitengenezea pengo.

*Sababu ya nne: POM au nailoni.* Giya iliyopasuka haishikiki kwa gundi kiasi cha kurudi kazini. Badilisha giya, au ichukue kutoka kichezeo kingine kibovu. Ukishajua ni POM, acha.

Dalili ya 2: kilishika siku kadhaa, kisha kimekatika palepale

Hapa gundi ilishika. Kiungo ndicho kidogo kuliko kazi yake: mkono wa mdoli, antena, mguu wa farasi, ekseli. Supaglu huvumilia kuvutwa moja kwa moja lakini ni kavu, haipendi kugongwa wala kupindwa pembeni, na vichezeo hugongwa kila siku.

Dawa ni kuweka uti ndani. Nyoosha klipu ya karatasi, toboa kila upande kwa keke ndogo ya kuzungusha kwa vidole, ingiza waya ukiwa na epoksi, kisha bana mpaka kesho yake. Ili matundu yakutane, weka tone dogo la rangi upande mmoja, gusanisha vipande, na utoboe palipopata alama upande wa pili. Kwa ganda lenye ufa, kama mlango wa gari au paa la nyumba ya midoli, bandika ukanda wa plastiki ileile upande wa ndani, upana wa sentimita moja au mbili. Kiraka cha ndani hubeba mzigo ambao ukingo mwembamba hauwezi.

ABS ina njia yake nzuri zaidi. Kata vipande vidogo vya ABS ya rangi ileile, viache kwenye kichupa cha kioo chenye asetoni kidogo usiku mzima mpaka vipate uzito wa asali, kisha paka uji huo kwenye ufa. Ukikauka unakuwa ABS tena, siyo gundi juu ya ABS. Upe siku nzima au mbili kabla ya kuukaza. Asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo isifanyike karibu na jiko wala mshumaa.

Sababu nyingine ni gundi nyingi mno. Tone dogo la supaglu linalotandaa kuwa utando mwembamba hushika kuliko tone kubwa. Kama vipande havikutani, usilijaze pengo kwa supaglu tupu. Nyunyiza bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, kisha dondoshea supaglu nyembamba. Huganda papo hapo ikawa ngumu kiasi cha kupigwa msasa. Usiweke uso juu yake, kwani hutoa joto na mvuke.

Mwisho, angalia joto. Supaglu ya kawaida hudhoofika ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na kichezeo kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani kinapata joto kali kuliko wengi wanavyodhani.

Dalili ya 3: ukungu mweupe kuzunguka kiungo

Huu ni mvuke wa supaglu uliokutana na unyevu wa hewa ukatua juu ya plastiki. Supaglu hukauka kwa kunywa unyevu, kwa hiyo Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika itaganda upesi na kuacha ukungu mwingi. Sababu kubwa ni gundi kuwa nyingi, halafu kukosa hewa inayopita. Punguza gundi, weka feni ndogo ikipuliza mvuke pembeni, na usikifunge kichezeo ndani ya boksi siku hiyo.

Ukungu uliokwisha kutua hupungua ukisuguliwa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia, kisha kuoshwa kwa sabuni. Usitumie asetoni kwenye ABS au polistirini. Itaondoa ukungu pamoja na uso wenyewe.

Kwa vioo vya magari na kifuniko cha rubani kwenye ndege, weka supaglu pembeni kabisa na utumie gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka huwa angavu, haitoi mvuke, na ukikosea unaifuta kwa maji. Haina nguvu nyingi, lakini kioo cha modeli hakihitaji nguvu.

Unyevu huohuo ndio unaogandisha chupa ya supaglu kabla hujaimaliza. Futa mdomo wake, ifunge, iweke ndani ya kopo lenye vifuko vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Dalili ya 4: gundi haikauki

Kama ni epoksi, karibu kila mara vipimo havikuwa sawa au haikukorogwa vya kutosha. Nyingi za madukani huchanganywa nusu kwa nusu. Kamua mistari miwili yenye urefu na unene sawa juu ya kifuniko cha kopo, koroga dakika nzima ukikwangua pembeni. Kuongeza kigandishi, yaani ile tyubu ya pili, hakuharakishi, kunaharibu. Iliyobaki ikinata baada ya siku mbili haitapona: ikwangue yote, futa kwa spiriti, anza upya.

Baridi nayo huchelewesha. Njombe au Limuru mwezi wa Julai, epoksi iliyotakiwa kushika usiku mmoja inaweza kuhitaji zaidi. Hamishia kazi chumba chenye joto. Na ile ya dakika 5 haimaanishi kuwa mtoto apewe baada ya dakika 5. Huo ni muda wako wa kuipaka, nguvu kamili huja kesho yake.

Kama ni supaglu, imewekwa nene mno, au imezeeka. Kama ni gundi ya viatu, huenda ulibana ikiwa mbichi: hupakwa pande zote mbili, husubiriwa robo saa hivi mpaka isinate kidoleni, ndipo unagandamiza kwa nguvu mara moja.

Dalili ya 5: plastiki imeyeyuka, imepinda, au imepata nyufa nyembamba

Gundi ya modeli huyeyusha polistirini ili pande mbili ziungane. Hiyo ndiyo kazi yake, na ikizidi hula hadi mapambo madogo. Gusanisha vipande kwanza, kisha gusa mstari wa kiungo kwa brashi ndogo. Gundi nyembamba itavutwa ndani yenyewe. Palipoyeyuka usipaguse. Acha siku mbili pagande, ndipo upige msasa.

Gundi ya mabomba ya PVC, ambayo wengi huiita Tangit, hufaa PVC ngumu na hushika ABS vizuri kiasi. Kwenye modeli nyembamba ya polistirini ni kali mno. Plastiki angavu hupata nyufa za utando kwa asetoni na viyeyushi, na hizo hazirudi nyuma. Povu jeupe la ndege za kurusha huyeyuka kabisa kwa asetoni na kwa supaglu ya kawaida. Kwa povu hilo tumia gundi nyeupe au epoksi.

Dalili ya 6: gundi ya modeli haishiki kabisa

Karibu kila mara umepaka juu ya rangi au juu ya mng'aro wa fedha. Kwangua mpaka uone plastiki yenyewe. Kama sehemu ni pete laini za ndani ya viungo, zile za modeli za roboti za Bandai, hizo ni polithini na hazikukusudiwa kugundishwa.

Dalili ya 7: mdoli au tairi laini linanata lenyewe

PVC laini ina kilainishi ndani, na miaka ikipita hutoka juu. Kilainishi hicho hulegeza gundi nyingi, na pia hula polistirini: tairi laini likikaa miaka kwenye rimu ya modeli, rimu huyeyuka. Osha kwa sabuni laini, kausha, tenganisha na plastiki ngumu. Mpasuko mdogo unakubali supaglu lakini pataota kovu gumu litakalochanika pembeni. Afadhali gundi ya vinili inayouzwa pamoja na viraka vya maboya, au umpelekee fundi viatu anayetumia gundi ya soli za PVC.

Gundi imekwenda pasipotakiwa

Vidole vimeshikana: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sukasuka polepole, usivute. Supaglu imemwagikia nguo ya pamba au sufi: hupata joto la kuunguza ngozi, kwa hiyo mwagia maji mengi papo hapo. Imeingia jichoni: suuza kwa maji ya uvuguvugu, usifungue kope kwa nguvu, nenda hospitali. Usijaribu asetoni karibu na jicho au mdomo.

Hapa acha, usigundishe

Kofia ya baiskeli, kiti cha mtoto cha garini, na uma au mpini wa skuta havirudishwi kazini kwa gundi yoyote. Hata kiungo kikionekana kizima, hakuna njia ya kukipima nyumbani.

Kitu cha mtoto anayetia kila kitu mdomoni, hasa chini ya miaka 3, kisirudishwe kama kipande kidogo kinaweza kuachia. Chuchu, chupa ya maziwa na kitu cha kung'atia meno visigundishwe kabisa.

Kifuniko cha betri kikivunjika, ondoa betri kwanza. Betri bapa ya kifungo ikimezwa inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Ukishuku tu kwamba mtoto ameimeza, nenda hospitali mara moja na usimtapishe. Sumaku ndogo zaidi ya moja zikimezwa ni dharura vilevile, kwani huvutana kupitia kuta za utumbo. Kichezeo cha kuchaji chenye betri iliyovimba, au chaja iliyopasuka, ni cha fundi wa umeme. Usifunike ufa wake kwa gundi.

Modeli ya thamani au kichezeo cha zamani kipelekwe kwa anayefanya kazi ya ukarabati wa vitu vya kale kabla hujafungua tyubu. Matofali ya LEGO ya kabla ya 1963, kwa mfano, yalitengenezwa kwa selulosi asetati badala ya ABS, na hupinda yenyewe kwa umri. Rangi ya zamani inayobanduka inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiipige msasa ndani ya nyumba yenye watoto. Weka vipande vyote kwenye mfuko, hata vile vidogo vinavyofanana na vumbi la kuvunjika, umpe fundi pamoja na jina la gundi iliyowahi kutumika.